Mabembea Hayaondoki Bila Kujaza: Siku Nne Uganda na Kamera

Siku ya kwanza, Alhamisi: Bukoba hadi Kampala

Studio yangu ina kitambaa cha bluu ukutani, stuli moja na taa mbili. Mwaka mzima kazi yangu ni maneno manne: "Kidevu juu kidogo, usicheke." Picha za pasipoti, za fomu za shule, za vitambulisho vya kazi, na zile za marehemu ambazo ndugu huzileta zimekunjamana wakitaka zikuzwe kabla ya mazishi. Nyuso, nyuso, nyuso. Mwezi uliopita nilimwota mtu asiye na uso, nikaamka nimefurahi.

Nikajipa likizo ya siku nne na sharti moja: nisipige uso wa mtu. Nilitaka kupiga mabembea. Vyuma vinavyozunguka, rangi, minyororo, kivuli cha gurudumu kubwa juu ya udongo mwekundu. Mke wangu akauliza kwa nini, kama nakwenda Uganda, nisiende mbugani kupiga tembo kama wapiga picha wenye akili zao. Nikamwambia tembo naye ana uso.

Basi liliondoka Bukoba alfajiri. Kyaka tulivuka mto Kagera kukiwa kumepambazuka. Kila nikivuka daraja lile namkumbuka marehemu baba, ambaye hakulipita hata mara moja bila kusema kwamba la zamani lilibomolewa na jeshi la Amin mwaka 1978. Sasa sentensi hiyo naisema mimi, na kijana niliyekaa naye hakuvua hata visikilizi vyake masikioni.

Mutukula, mpakani, hakuna usumbufu mkubwa siku hizi. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe mwaka 2017, mihuri yote miwili unagongewa chini ya paa moja. Ofisa alifungua pasipoti yangu, akatazama picha, akanitazama, akairudia picha. Nilijua anachokiona. Ile picha nilijipiga mwenyewe kwa taima ya kamera, na ina macho ya mtu anayehesabu hadi kumi.

Baada ya hapo migomba, na migomba tena. Mtu wa Bukoba akiwa ndani ya Masaka hajisikii ugenini. Ndizi ni zile zile, senene ni wale wale, tofauti ni kwamba wenzetu wanazifunga ndizi kwenye majani na kuzipika kwa mvuke hadi zilainike, na sisi tunazitaka na mchuzi wake. Lukaya basi lilisimama dakika chache, mishikaki na gonja, zile ndizi tamu, za kuchoma zikapandishwa madirishani kwa kasi ambayo hakuna shata ya kamera ingeifikia. Nilinunua gonja mbili.

Kayabwe, pale Ikweta inapokatiza barabara, kuna zile pete nyeupe za zege mbili, moja kila upande wa barabara. Watalii hushuka, huingia katikati ya pete na kupigwa picha. Wapo pia vijana wenye mabeseni wanaokuonyesha maji yakizunguka upande huu kaskazini na upande ule kusini, hatua chache tu mbali. Ni mchezo wa mikono: mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kugeuza maji ya beseni, mwelekeo unatokana na jinsi yanavyomiminwa. Lakini wanaufanya vizuri, na mimi ninayemfanya bibi harusi aonekane mrefu sina haki ya kumlaumu mtu. Basi halikusimama. Nilipiga kupitia dirishani, nikapata robo ya pete na kiwiko cha jirani yangu.

Kampala tuliingia jioni kwenye foleni. Nikalala Old Kampala, chini ya msikiti mkubwa, katika nyumba ya wageni ambayo mhudumu wake aliniuliza mara mbili kama kweli niko peke yangu. Mara ya tatu aliangalia kamera, akanyamaza.

Siku ya pili, Ijumaa: gurudumu la watu sita

Bustani niliyokwenda sitaitaja, kwa sababu ya yaliyonikuta getini. Ipo kusini mwa mji, ina mabembea ya kutosha, na siku ya shule huwa tupu. Ndiyo maana nilichagua Ijumaa.

Mlinzi alikuwa mzee mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambi ya jeshi. Kampala ukisema Kiswahili watu hudhani u Mkongo, Mkenya au askari. Baraza la mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi mwezi Julai 2022, ila mjini bado ni lugha ya kumwangalia mtu mara mbili. Kwa mlinzi huyu nilishukuru kukisikia, kwa nusu dakika.

"Wapi watoto yako?"

"Sina, mzee. Nimekuja peke yangu."

"Wewe mzima, peke yako, na kamera kubwa, unakuja mahali ya watoto kufanya nini?"

Niseme ukweli: lilikuwa swali zuri. Kama mwanaume asiyejulikana angeingia bustani wanakocheza wanangu na lenzi ndefu, ningetaka mlinzi aulize vivyo hivyo. Kilichoniudhi ni kilichofuata. Akaja kijana wa ofisini akasema kamera inalipiwa, bei akaitaja huku akitazama viatu vyangu, risiti akasema imeisha. Tukabishana. Mwishoni nililipa chini ya nusu, nikamwonyesha mlinzi picha za jana kwenye kioo cha kamera. Akaziangalia zote. Ile ya pete na kiwiko akaiangalia kwa muda.

"Hakuna watu," akasema.

"Ndiyo. Sipigi watu."

Alinifungulia, lakini asubuhi nzima aliniweka ndani ya macho yake, nami sikumlaumu.

Ndani, lo. Ulikuwa ukimya wa ajabu. Mabembea yasiyotembea yana sura ya mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kulikuwa na farasi wa plastiki waliopauka upande mmoja tu, ule unaopigwa na jua la alasiri. Magari ya kugongana yalikuwa yamesukumwa kona moja kama ng'ombe wanaokwepa mvua. Kulikuwa na treni ndogo yenye kichwa cha kiwavi, jicho moja limechorwa upya na mtu ambaye hakuliona la kwanza. Nilipiga picha zaidi ya mia kabla ya saa tano. Saa sita jua likawa juu ya utosi, vivuli vikajificha chini ya vitu vyenyewe. Mwanga wa namna hiyo hauna huruma: huonyesha kila kutu na hauipambi. Nikaacha.

Kisha nikataka kupanda gurudumu. Halikuwa refu, labda ghorofa nne, lenye viti vya watu wawili wawili vilivyopakwa rangi ya machungwa. Kijana aliyekuwa analiendesha alikuwa amekaa chini yake anakula roleksi, chapati iliyoviringishiwa mayai. Nikampa tiketi. Akaitazama, akanitazama, akaendelea kutafuna.

"Tunangoja wafike sita, ssebo," akasema, yaani bwana.

Nilicheka. Wiki nzima ya maisha yangu hupotea nikingoja daladala ijae; sikudhani ningevuka mpaka kuja kungoja bembea ijae. Nikamuuliza kama ni suala la mafuta ya jenereta. Akasema hilo lipo, lakini siyo lote. Akaweka chapati kando, akanieleza kwa mikono. Gurudumu hili ni mizani. Ukimweka mtu mmoja upande mmoja, upande ule ukipanda mota inalia, ukishuka unajivuta wenyewe na breki inateseka. Watu wapangwe, mmoja huku na wa uzito wake ng'ambo, ndipo mashine haisikii mzigo. Ndiyo maana anapopakia hajazi viti kwa kufuatana, anajaza kimoja, anazungusha nusu, anajaza cha upande wa pili.

Nilikaa naye chini ya kivuli. Nikamweleza juu ya gurudumu la kwanza kubwa, alilolijenga injinia Ferris kwa maonyesho ya Chicago mwaka 1893: kimo cha mita 80, vyumba 36, kila chumba watu 60. Akapiga hesabu kimya kimya, midomo ikichezacheza. "Elfu mbili na zaidi," akasema. "Huyo alikuwa anangoja mpaka lini?"

Walifika saa tisa na nusu. Mama mmoja wa Kikongo, kitenge cha kijani, na watoto wanne waliovaa kama wanakwenda harusini. Nilisikia Kiswahili chao kabla sijawaona, kile cha mashariki ya Kongo kinachopandisha na kushusha kama barabara ya milimani.

"Papa, uko pekee yako? Batoto banataka kupanda, lakini huyu anasema hatutoshi."

Watoto wanne, mama, na mimi. Sita. Kijana alikuwa ameshasimama.

Alitupanga kama mawe ya mizani. Mama na mdogo kabisa upande mmoja, mimi na mvulana wa miaka kama minane ng'ambo, mabinti wawili kati. Nilikuwa nimejiandaa: lenzi ya milimita 35, kasi ya shata imeshushwa hadi moja ya kumi na tano ya sekunde ili dunia ivutike kama rangi iliyomwagika. Lakini tulipofika juu kwa mara ya kwanza, kiti kikayumba, na yule mvulana akashika kitu kilichokuwa karibu zaidi, yaani mkanda wa kamera yangu, kwa mikono yote miwili. Upande wa pili mama yake alikuwa anaita jina la Yesu kila tukivuka kilele, kwa sauti iliyokuwa inatukaribia na kutukimbia. Sikupiga hata picha moja. Nilimshika mtoto bega. Niliyaona mapaa ya mabati ya Kampala yanang'aa, vilima, moshi, na mlinzi wetu mrefu kule chini, mdogo kama kiberiti, amesimama anatutazama.

Niliposhuka ndipo nikaona picha niliyokuja kuitafuta. Jua lilikuwa limelala, na gurudumu lilikuwa linatupa kivuli chake kirefu juu ya udongo, mviringo uliovutwa ukawa yai, na viti vikining'inia humo kama matone. Mabinti wawili walikuwa wameomba mzunguko wa pili, na vijana wengine waliofika wakalipa pia, kwa hiyo kivuli kilikuwa kinatembea. Nililala tumbo chini. Picha hiyo ina watu sita na haina uso hata mmoja.

Kabla hawajaondoka, mama akaja. Alishaona kamera.

"Papa, utupige kimoja? Ya kutuma kwa baba yao."

Baba yao yuko Goma, akasema, na hajawaona tangu Krismasi. Nikaangalia sharti langu, nikaliweka mfukoni. Niliwapanga mbele ya farasi, kwenye upande usiopauka. Nilijizuia kusema habari ya videvu. Akaniuliza bei, nikamwambia kwenye likizo duka limefungwa. Usiku nilimtumia kwa WhatsApp, na akanirudishia sauti ya dakika mbili ambayo nusu yake ni watoto wanapigania simu.

Siku ya tatu, Jumamosi: ndege zisizoruka

Kutoka stendi ya zamani ya teksi Kampala, makondakta huita "Ntebe, Ntebe!" Kwa Mganda na kwa Mhaya ni mji na pia ni kiti, maana neno ni hilo hilo kwetu na kwao. Nilikaa ndani ya gari la abiria kumi na wanne nikisikia mtu anaita viti, viti, huku akingoja vijae. Tuliondoka baada ya dakika arobaini.

Tulipita barabara ya zamani, siyo ile ya kulipia, kwa hiyo nililiona kila duka la sofa lililoko kati ya Kampala na Entebbe. Nilishuka Kitoro, nikala samaki, nikachukua bodaboda hadi Aero Beach.

Mahali hapa nilipasikia miaka mingi. Ni ufuko wa Ziwa Victoria, wenye mchanga, muziki na watu wa wikendi, ila mchezo wake mkuu ni ndege. Ndege za kweli, zilizozeeka na kustaafu, zimewekwa mchangani kama mitumbwi iliyopandishwa nchi kavu. Watoto wanakimbia chini ya mabawa. Maharusi wanapigwa picha kwenye magurudumu. Na kwa kuwa uwanja wa ndege uko jirani, mara kwa mara ndege hai hupita juu, chini kabisa, na zile za mchangani zinabaki zimenyamaza kama wazee wanaosikia vijana wakipita na pikipiki.

Baba mmoja alikuwa anawaeleza wanawe kwa Kiswahili cha Nairobi kwamba moja ya ndege hizo ndiyo ile iliyotekwa mwaka 1976. Nilijitahidi kufunga mdomo, nikashindwa. Nikamwambia kwa upole: ile ilikuwa Airbus ya Air France, safari namba 139, ilitekwa tarehe 27 Juni ikitoka Athens kwenda Paris, ikaletwa hapa Entebbe siku iliyofuata, makomandoo wa Israeli walikuja usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai. Ndege yenyewe haikuachwa ioze. Ilirudishwa kwa wenyewe na ikaendelea kubeba abiria. Baba akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akawageukia watoto, "Mmesikia? Lakini hii inafanana nayo." Watoto wakaridhika zaidi na hiyo.

Uwanja wa zamani ambako mambo hayo yalitokea hauko mbali, na kuna majeshi, kwa hiyo kamera yangu ilielekea ziwani na mchangani tu. Nakushauri ufanye hivyo hivyo.

Kupiga ndege nyeupe siyo rahisi kama inavyoonekana. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, hivyo inaupunguza, na ndege inatoka kijivu kama sufuria. Inabidi uilazimishe: ongeza mwanga hatua moja, ndipo weupe unarudi kuwa weupe. Nilipiga misumari. Nilipiga rangi iliyobabuka ikaacha ramani za nchi zisizokuwapo. Nilipiga safu ya madirisha, na katika kila dirisha kipande cha ziwa kilichoakisiwa, kila kimoja tofauti kidogo na jirani yake.

"Kaka, hapa ni kwetu."

Niligeuka. Alikuwa na kizibao chenye mifuko mingi, kamera ya zamani kidogo kuliko yangu, na begani mkoba ambao nilijua kilichomo kwa kuuona unavyoning'inia: printa ndogo na betri yake. Mpiga picha wa ufukweni. Wapo watano, akasema, wanagawana eneo, yeye na mwenzake wana upande wa ndege. Aliongea Kiswahili cha Bunia. Hakuwa amekasirika, alikuwa anahesabu hasara.

Nikamwambia sifanyi biashara. Hakuamini. Nikamwonyesha kioo: misumari, kutu, madirisha. Akatazama, akasogeza, akatazama, na uso wake ukaonyesha huruma ya kweli.

"Nani atanunua hii?"

"Hakuna."

"Basi endelea, kaka."

Alasiri yote tulikuwa tunapishana. Nilimwona anavyofanya kazi, na nasema hivi kama fundi: anajua. Haiti watu. Anasimama mahali mwanga ulipo mzuri, anangoja waje wenyewe kwenye mwanga, ndipo anainua kamera nusu, kama anayeuliza. Picha inatoka kwenye printa ikiwa bado ya moto, anaipepea, anaitoa. Watu hucheka wakijiona. Mimi kazini sijawahi kuruhusu mtu acheke.

Jua Ikweta halizami kwa mapozi, linadondoka. Karibu na saa moja lilikuwa bado lina mkono mmoja juu ya maji, na dakika ishirini baadaye nilikuwa natafuta kifuniko cha lenzi kwa tochi ya simu. Kati ya hapo kulikuwa na dakika kama sita ambapo ubavu wa ndege uligeuka waridi, na wadudu wadogo wa ziwani wakapanda kama moshi. Nilipiga mpaka betri ikafa. Ya akiba nilikuwa nimeiacha Kampala, kwenye chaja, nadhifu kabisa.

Nililala Entebbe.

Siku ya nne, Jumapili

Kijana wa bodaboda aliniuzia saa mbili za umeme kwa dada yake mwenye saluni, kwa njia nisiyoielewa vizuri, kwa hiyo asubuhi nilirudi ufukweni na betri yenye mistari miwili. Watu walikuwa makanisani. Mchanga ulikuwa umefagiliwa, una mistari ya ufagio kama shamba lililolimwa jana.

Yule mpiga picha mwenzangu alikuwepo, amekaa chini ya bawa anafuta lenzi kwa ncha ya shati, jambo ambalo nilijizuia kulisemea. Tukaamkiana. Akazunguka zunguka na maneno, habari za bei za karatasi, habari za simu zinavyoua biashara, kisha akatoa kwenye mfuko wa ndani bahasha iliyokunjwa. Fomu ya leseni ya udereva. Inataka picha mbili za pasipoti, akasema, na inakaa mfukoni tangu mwezi wa tatu.

"Wewe una kamera na printa," nikamwambia.

"Kaka. Utajipiga mwenyewe?"

Sikumweleza kuhusu pasipoti yangu.

Fomu ilitaka nyuma kuwe kweupe. Nikamsimamisha kwenye ubavu wa ndege, mahali pasipo na dirisha wala msumari, upande wa kivuli ili mwanga uwe laini. Nikaongeza hatua moja, nikaona ngozi yake bado inaliwa na weupe wa nyuma, nikaongeza nusu nyingine. Alivua kizibao. Bila kizibao alionekana mdogo kwa miaka mitano.

"Kidevu juu kidogo," nikasema. "Usicheke."

Picha moja ilitosha. Tukahamisha kadi kwenye printa yake, nne kwenye karatasi moja, akazikata kwa mkasi wa kucha kwa ustadi ambao sitasema nimewahi kuufikia. Mbili kwenye bahasha. Moja akaitia nyuma ya kifuniko cha simu yake. Ya nne akanipa, na mimi sikujua niiweke wapi, nikaiweka ndani ya pasipoti.

Aliiona ile ya kwangu. Akaichukua pasipoti, akaitazama kwa jicho la fundi, akaniangalia.

"Nani alikufanyia hivi?"

Nikanyamaza. Akavaa kizibao chake, akachukua kamera yangu shingoni mwangu bila kuomba, akanisukuma polepole hadi mgongo ukagusa bati la ndege, lililokuwa bado baridi la asubuhi. Akarudi nyuma hatua tatu. Akainua kamera nusu, akangoja.

"Kidevu juu kidogo, kaka."

Picha tatu za kwanza ziliharibika, kwa sababu nilikuwa nacheka.